Ramani ya mtandao kutoka angani: droni inapima nini hasa?

Mtu amesimama mlangoni, simu inashika vizuri. Anaingia ndani hatua tatu na maongezi yanakatika. Akifungua ramani ya kampuni yake ya simu, anakuta nyumba yake, ya jirani na kilima kizima nyuma yao vimepakwa rangi moja: mtandao upo. Aliyeichora ramani hiyo huenda hakukusudia kumdanganya mtu. Hajafika pale, basi.

Ramani nyingi za aina hii huchorwa na kompyuta. Unaiambia mnara uko wapi, una urefu gani, mtambo wake una nguvu kiasi gani na unatumia masafa yapi, kisha unaipa umbo la ardhi, nayo inakadiria mawimbi yatafikaje kila kipande cha eneo. Fomula zenyewe ni za zamani. Yoshihisa Okumura na wenzake walizunguka Tokyo na viunga vyake na gari la vipimo, wakachapisha michoro yao mwaka 1968. Mwaka 1980 Masaharu Hata aliigeuza michoro hiyo kuwa fomula, na hadi leo wahandisi wanaitaja kwa majina yao wawili. Umbo la ardhi nalo mara nyingi hutokana na rada iliyobebwa na chombo cha anga cha Endeavour kwa siku 11, Februari 2000. Rada ile iliona vichwa vya miti zaidi kuliko udongo ulio chini yake, na nyumba zilizojengwa baada ya hapo haizijui kabisa. Kwa hiyo ramani ya kompyuta ni makadirio. Kwa wastani wa mji mzima yanafaa. Kwa mlango wa mtu mmoja ni bahati nasibu.

Njia ya kawaida ya kuyasahihisha makadirio hayo ni kupakia vipimo kwenye gari na kupita mitaani. Tatizo la gari linajulikana: linakwenda barabara inakokwenda. Bondeni, katikati ya shamba kubwa, ng'ambo ya kinamasi, juu ya paa la ghorofa ya sita, gari halifiki, na kutembea kwa miguu kunachukua siku nyingi. Hapo ndipo droni inapoingia. Ni ndege ndogo, inajua ilipo kwa GPS, inafuata mistari uliyoichora kwenye kompyuta, na inaweza kubeba simu au kisanduku cha vipimo chenye uzito wa gramu mia mbili tatu. Unairusha, inazunguka, inarudi na faili lenye maelfu ya nukta. Unazipaka rangi, ramani imepatikana.

Kipya kinyemi. Kabla ya kuifurahia ramani hiyo, ni vizuri kujua kila nukta imebeba nini.

Tuanze na namba. Vijiti vinne au vitano juu ya kioo cha simu ni tafsiri ya mtengenezaji, na kila mmoja ana tafsiri yake. Kilichofichwa nyuma ya vijiti ni namba hasi: -78, -95, -112. Kizio chake ni dBm, yaani desibeli zikilinganishwa na miliwati moja, na alama ya hasi inatokana na kwamba kinachoifikia simu ni chembe ndogo mno ya hiyo miliwati. Vizio hivi vinakwenda kwa kuzidisha. Ukishuka desibeli 3 umepoteza nusu ya nguvu; ukishuka 10 umebaki na sehemu moja ya kumi. Simu iliyo kwenye -80 inapokea nguvu mara 1,000 ya ile iliyo kwenye -110, ingawa kwa macho namba hizo zinaonekana zimekaribiana. Kwenye 4G, kipimo kinachoitwa RSRP kikiwa karibu na -80 mambo ni mazuri sana, kwenye -110 unabahatisha, na kikifika -120 simu inahangaika kutafuta mnara mwingine.

Pamoja na nguvu kuna ubora, na watu wengi wanaosoma ramani za rangi husahau kuuliza wanatazamishwa ipi. Ubora hulinganisha mawimbi ya mnara unaokuhudumia na makelele yote mengine, hasa ya minara mingine inayotumia masafa yaleyale. Mtu akikunong'oneza usiku chumbani unamsikia. Akikupigia ukelele katikati ya umati unaopiga makelele pia, huenda usishike hata neno moja. Shika tofauti hiyo, maana ndiyo itakayotutatiza zaidi huko juu.

Kuna na jambo la tatu, nalo unaweza kulijaribu sasa hivi. Weka simu mezani, fungua ukurasa unaoonyesha nguvu ya Wi-Fi kwa namba, kisha isogeze taratibu, upana wa kiganja kwa wakati. Namba itapanda na kushuka bila mpangilio unaoeleweka, wakati mwingine desibeli 10 au zaidi, ilhali ruta haijasogea. Mawimbi yanafika kwa njia nyingi: moja kwa moja, kwa kugonga ukuta, kwa kugonga dari. Yanapokutana, mahali pengine yanasaidiana na pengine yanauana. Urefu wa wimbi moja la gigahezi 2.4 ni sentimita 12.5, na mahali yanapouana huachana kwa karibu nusu ya urefu huo. Sentimita sita, basi.

Maana yake ni kwamba kipimo kimoja mahali pamoja hakina thamani kubwa. Unahitaji wastani. Mhandisi William C. Y. Lee alilishughulikia hilo katika miaka ya 1980, na kanuni yake bado inafuatwa: kusanya vipimo 36 au zaidi ndani ya umbali wa mawimbi 40, ndipo upate wastani unaoaminika. Kwa masafa ya megahezi 900, mawimbi 40 ni kama mita 13. Sasa piga hesabu ya droni. Inaruka mita 5 kwa sekunde, na simu iliyobebwa inaandika kipimo kimoja kila sekunde. Ndani ya mita 13 utapata vipimo viwili au vitatu. Ili upate 36, droni ingebidi ijikokote kwa mwendo wa sentimita 36 kwa sekunde, polepole kuliko mtoto anayejifunza kutembea, na betri nyingi za droni ndogo hudumu dakika 20 hadi 40 tu. Afueni ni kwamba juu, pasipo na kuta za kugonga, mawimbi hayayumbi sana kama chini. Hata hivyo, anayekuletea ramani yenye miraba ya mita mbili kwa mbili kutokana na safari moja ya haraka anakuuzia mapambo.

Na simu yenyewe ina mambo yake. Tangu Android 9 ya mwaka 2018, programu iliyo wazi kwenye kioo inaruhusiwa kutafuta mitandao ya Wi-Fi mara nne tu kwa kila dakika mbili. Hiyo ni mara moja kwa sekunde 30. Droni ya mita 5 kwa sekunde itakuwa imekwenda mita 150 kati ya kipimo kimoja na kingine, na programu, kwa uungwana wake, itarudia namba ya zamani kila sekunde kana kwamba ni mpya. Faili linajaa, ramani inapendeza, na sehemu yake kubwa ni mwangwi. Kizuizi hicho kinaweza kuzimwa kwenye mipangilio ya waundaji programu katika matoleo ya baadaye. Njia bora zaidi ni kuachana na simu na kutumia kisanduku kidogo kinachosikiliza chaneli moja tu. Ruta hujitangaza karibu mara 10 kila sekunde, kwa hiyo kisanduku kinachotulia kwenye chaneli yake kitavuna vipimo kumi kwa sekunde badala ya kurukaruka chaneli zote na kuambulia kimoja.

Sasa tufike kwenye kiini. Tuseme umesimama uwanjani na simu mkononi, mita moja na nusu kutoka ardhini. Faili linaandika: nguvu -93, ubora 12. Unaifunga simu hiyohiyo chini ya droni na kuipandisha mita 60 hapohapo ulipo. Faili linaandika: nguvu -74, ubora 1. Nguvu imepanda desibeli 19, karibu mara 80. Ubora umeporomoka. Video iliyokuwa ikicheza vizuri mkononi mwako sasa inakwama.

Namba hizo ni za mfano, ila tabia hiyo ni ya kweli. Chini, kati yako na mnara kuna miti, mapaa na vilima, navyo vinakula mawimbi. Hewani hakuna kitu: kila umbali ukiongezeka mara mbili unapoteza desibeli 6 tu, wakati karibu na ardhi hasara hiyo inaweza kufika 12. Ndiyo maana nguvu inapanda. Lakini vilevile vilivyokuwa vinakuzuia ndivyo vilivyokuwa vinakukinga. Ulipokuwa chini, kilima kilikuficha usiisikie minara kumi ya mbali. Ukipanda, yote inakuona na yote inakupigia kelele kwa pamoja. Kampuni ya Qualcomm ilipofanya majaribio na kutoa ripoti mwaka 2017, ilikuta hivyohivyo hadi urefu wa mita 120: nguvu ni kubwa kuliko ardhini, na mwingiliano nao ni mkubwa zaidi.

Halafu kuna umbo la antena. Antena ya mnara haimwagi mawimbi pande zote kama balbu. Kwa wima, mwali wake mkuu una upana wa nyuzi 6 hadi 10 hivi, na umeinamishwa kidogo kuelekea chini, waliko wateja. Droni ikipita juu ya mwali huo inahudumiwa na miali midogo ya pembeni, na kati ya mwali na mwali kuna nyufa zisizo na kitu. Ndiyo sababu ramani ya angani huwa na mabaka ya ajabu: mnara ulio kilomita nne unashika, ulio chini ya pua yako haushiki. Anayeisoma ramani hiyo bila kulijua hili atadhani mnara wa karibu ni mbovu.

Tena zile fomula za Hata zenyewe zilitengenezwa kwa simu iliyo kati ya mita 1 na 10 kutoka ardhini. Ukichukua vipimo vya mita 60 ukavilisha humo ili ujue hali ya chini, umetoka nje ya mipaka ya fomula, nayo haitakuonya.

Kwa hiyo swali la kama droni inaweza kupima mtandao wa watu walio chini, jibu langu ni hapana, isipokuwa kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Inaweza kukuonyesha kivuli cha kilima kinaangukia wapi. Inaweza kukuambia mnara fulani unasikika upande huu na upande ule hausikiki. Haiwezi kukuambia kama bibi aliye jikoni ataweza kupiga simu. Mimi huiona droni kama ngazi ndefu yenye mabawa, na kazi zake nzuri ni zile ambazo zamani ungezitafutia ngazi.

Kubwa kuliko zote ni kuchagua mahali na urefu wa antena kabla hujajenga chochote. Kijiji au shule inataka kuvuta intaneti kutoka mnara ulio kilomita 5. Je, mlingoti wa mita 9 utatosha, au lazima 24? Tofauti ya gharama ni kubwa, na kukisia kwa macho kunadanganya, kwa sababu mawimbi hayapiti kwenye mstari mwembamba kama uzi. Yanahitaji njia yenye tumbo: kwa gigahezi 5.8 na umbali wa kilomita 5, tumbo hilo katikati ya njia lina nusu kipenyo cha mita 8, na angalau asilimia 60 ya hizo zinatakiwa ziwe wazi. Unaweza kuuona mnara kwa darubini na bado kiungo kikawa kibovu, kwa kuwa paa au mti umelichoma tumbo kutoka chini. Droni inalimaliza swali hilo mchana mmoja. Unaipandisha palepale mlingoti utakaposimama, unaisimamisha mita 5, mita 10, 15, 20, kila kituo dakika moja, huku ikipima. Kwenye mchoro utaona namba zinakwenda taratibu, kisha kwenye urefu fulani zinaruka ghafla, kisha zinatulia. Pale zinapotulia ndipo urefu wa mlingoti wako. Mita zote za juu ya hapo ni chuma cha bure.

Kazi nyingine inayoifaa ni kuikagua antena yenyewe. Droni inaizunguka kwa duara, na mchoro unaonyesha kama mwali umeelekezwa walikokusudia au fundi aliukaza vibaya. Vivyo hivyo kwa vihisi vya LoRa, redio ndogo zinazotuma data kidogo hadi mbali kwa nguvu ndogo, vilivyotawanywa mashambani, ambavyo husikika hata vikiwa dhaifu mno: ukitaka kujua kipokezi kimoja kikiwekwa juu ya tangi la maji kitavisikia vingapi, ipeleke droni juu ya tangi uhesabu.

Tugeukie sasa uongo wa droni yenyewe, maana mpimaji huyu ana mwili, na mwili wake unazuia. Fremu nyingi ni za nyuzi za kaboni, ambazo hupitisha umeme na hivyo huyakinga mawimbi. Antena iliyofichwa nyuma ya mkono wa kaboni inaona upande mmoja vizuri na mwingine kama kipofu. Droni ikienda mbele inainamisha pua, na antena inainama nayo. Kuna redio ya kuiongoza, ambayo mara nyingi iko kwenye gigahezi 2.4 au 5.8, masafa yaleyale ya Wi-Fi unayotaka kuipima. Ni sawa na kupima ukimya wa chumba huku unaimba. Tiba ni kuitundika antena chini kwa kamba au kijiti, mbali na mwili, na kama unapima 2.4 iongoze kwa masafa mengine. Jaribio rahisi la kujua kama umefaulu ni kuruka mstari uleule mara mbili, kwenda na kurudi. Ramani mbili zikitofautiana sana, ulichopima ni mgongo wa droni.

Urefu nao una mtego. Droni nyingi zinapokuambia ziko mita 30, maana yake ni mita 30 juu ya pale zilipopaa. Ukiwa mlimani na ukaipeleka bondeni, huko iko mita 70 juu ya ardhi. Ukiipeleka kileleni inaweza kuwa mita 8 tu, inakaribia kugonga mti. Ramani ya eneo lenye miinuko iliyorushwa bila kufuata umbo la ardhi imechanganya urefu kumi tofauti chini ya rangi moja.

Baada ya hapo zinabaki nukta. Tuseme uliruka mistari iliyoachana mita 50 kwa dakika 20: umefunika kama hekta 30, na kati ya mstari na mstari hujui kitu. Kompyuta itajaza pengo hilo. Njia inayopendwa ina historia ya migodini: Danie Krige, mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini, aliwasilisha tasnifu yake mwaka 1951 kuhusu namna ya kukadiria dhahabu kati ya tundu na tundu yaliyotobolewa, na Mfaransa Georges Matheron baadaye akaipa hisabati kamili na kuiita kwa jina la Krige. Faida yake kubwa ni kwamba pamoja na makadirio inatoa kiwango cha mashaka kwa kila mahali. Karibu kila programu ya ramani inaweza kuichora ramani ya pili, ya mashaka, na karibu kila mtu huiacha. Mimi ningeanza kuitazama hiyo kwanza.

Sheria nazo zipo. Katika Umoja wa Ulaya na Marekani droni za kawaida hazitakiwi kupita mita 120 hivi bila kibali, na Marekani kuna kanuni inayokataza simu za mkononi za masafa ya megahezi 800 kutumika zikiwa angani, kwa sababu simu moja huko juu inasumbua minara mingi kwa wakati mmoja. Viwango vya 4G vilivyokamilika mwaka 2018 viliongeza utaratibu wa kifaa cha angani kuuarifu mtandao kimepanda kiasi gani. Ulizia sheria za unakorukia kabla hujafunga simu kwenye droni. Na usikusanye zaidi ya nguvu na jina la mtandao: mwaka 2010 Google ilikiri kwamba magari yake ya Street View, yanayopiga picha za mitaa na yaliyokuwa yakiorodhesha pia mitandao ya Wi-Fi, yalinasa pia vipande vya mawasiliano ya watu, na kesi zilifuata katika nchi kadhaa.

Ramani ikishakamilika, ichapishe, chagua nukta kumi zilizotawanyika, chukua simu ileile iliyoruka na uzifuate kwa miguu. Kila nukta zunguka hatua chache kwa dakika moja, andika wastani wa nguvu na ubora kando ya namba ya droni. Nukta nane zikitofautiana kwa kiasi kinachokaribiana, umepata kiwango cha kushushia ramani nzima ifanane na ardhini. Zile mbili zilizokataa usizifute. Simama pale, tazama upande wa mnara. Huenda ukakuta ukuta wa zege, au mti uliokua tangu rada ile ya Endeavour ilipopita.